Mbuzi wa Nne

Frankline Ouma alikuwa na siri moja tu pale Kaloleni, Nairobi, na siri yenyewe ilijulikana na kila mtu kuanzia ukumbi wa mtaa hadi bombani. Siri ilikuwa kwamba kwake, mwanamume ndiye aliyepika na mchumba ndiye aliyecheza drafti.

Wala hawakupanga iwe hivyo. Mwaka wa tisini na tano, Jumamosi ya kwanza Ndunge alipokuja kumtembelea, aliapa kwamba atamsongea ugali. Frankline alikuwa karani wa stoo za reli, mtu wa utaratibu, wa kupanga hata kandambili zake kwa mstari. Akaketi, akasubiri. Ugali ulipofika ulikuwa na mabonge nje na unga mbichi ndani. Jirani yake Zedekiah, dereva wa lori la kanjo, yaani baraza la jiji, aliubonyeza kwa kidole, akauliza kwa heshima zote kama huo ni wa kula au ni wa kujengea. Mkewe Zedekiah, Adhiambo, alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini Ndunge mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha akauvuta ubao wa drafti uliokuwa umeegemezwa ukutani, akapanga visoda vya chupa kama kete, akampiga Zedekiah mara nne mfululizo.

Ndunge hakuwa anasogeza kete kama watu wengine. Alikuwa akiinua kisoda juu, anakizungusha kidogo hewani, halafu anakishusha pa! hadi vikombe vinashtuka. "Kingi!" anasema. "Zede, nivalishe taji, usijifanye huoni."

Frankline alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, maana alikuwa ameshaanza kusonga ugali mwingine. Alimtazama msichana yule wa watu, mpiga taipu wa Industrial Area, akimnyanyasa dereva wa miaka kumi na tano kazini, akajua kwamba ameshapatikana. Yeye alizaliwa kifungua mimba katika nyumba ya wavulana watano, mama yao akiuza samaki tangu alfajiri. Kupika hakukuwa ajabu kwake. Ajabu ilikuwa kupenda mtu namna ile.

Tangu siku hiyo kazi zikajigawa zenyewe. Kila Jumamosi ofisi zikifungwa saa saba, Ndunge alitoka Makadara alikokaa na dada yake, akapitia sokoni, akaleta nyanya zilizopondeka kwa sababu hakujua kuchagua. Frankline alilalamika kuhusu nyanya huku akizikata. Zedekiah na Adhiambo walivuka uga na viti vyao. Mchezo ukaanza, na aliyefungwa akaosha sufuria. Frankline aliosha nyingi, kwa kuwa kwenye drafti alikuwa mtu wa huruma. Alipenda kete zake zote zifike salama, na mwishowe haikufika hata moja.

Yote hayo yalikuwa raha tupu, ila kulikuwa na Mama Kyule.

Mama Kyule ndiye aliyemzaa Ndunge, akaishi naye Mwala, kule Ukambani, hadi binti alipokuja mjini kutafuta kazi. Wazee wa Frankline walikuwa wamekwenda Mwala mara mbili kuulizia ntheo, yaani mbuzi watatu wa kufungia posa. Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipofika, hata uvishe pete vidole vyote kumi, bado wewe si mume wa mtu. Baba yake Ndunge alisema yeye hana neno, waulizwe mama. Mama akasema, "Tutaona." Wazee wakarudi. Wakaenda tena mwezi wa tano. "Tutaona," akasema mama, akawaongezea chai. Neno hilo limeua posa nyingi kuliko ukame.

Mwezi wa nane Ndunge akaja mbio na habari. Mama yake alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi atafika mwenyewe Kaloleni, aone jinsi wanavyokaa.

"Aone nini?" Frankline akauliza.

"Aone kama mimi ni mke wa mtu ama ni mchezo. Mwaitu, huyo mama yangu, ni mtu wa zamani, Frank. Akikuta wewe unasonga na mimi nimekaa na wanaume nikipiga visoda, atasema alilea mzigo. Atarudi na hiyo tutaona yake mpaka tuote mvi."

"Sasa tufanye nini?"

"Siku moja tu," Ndunge akasema. "Siku moja mimi nipike, wewe ucheze."

Zedekiah alicheka hadi akashika mlango. "Mungu awasaidie," akasema. "Sijui kitakachoungua kwanza, chakula ama Frank."

Lakini mpango ulipangwa vizuri. Kwanza, kulikuwa na nthoni, ile haya kubwa ambayo Wakamba wanaiweka kati ya mama mkwe na mkwe wake. Hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni, na neno likiwapo hutumwa kupitia mtu mwingine. Ingawa mbuzi walikuwa bado, Mama Kyule hakuwa mtu wa kungoja mbuzi ndipo ashike heshima. Angeingia kwa mlango wa nyuma, akae chumba cha nyuma penye jiko pamoja na binti yake na Adhiambo. Frankline angekaa sebuleni na Zedekiah, pazia likiwa katikati. Pili, chakula kingekuwa muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, na Frankline angeyachemsha tangu alfajiri pamoja na mbaazi. Ndunge angebaki na kazi ya kukaanga, kuongeza maji ya moto na kukoroga.

Muthokoi huo haukuwa mwepesi kwa Frankline. Mara ya kwanza alichemsha mahindi na maganda yake, kama walivyozoea kwao, na Ndunge akatafuna kwa muda mrefu sana kabla ya kusema, "Hii ni ya meno ya kwenu." Mara ya pili alisahau kuroweka. Ndunge hakujua unapikwa vipi, alijua tu unavyotakiwa kukaa mdomoni, basi akawa anaonja na kukataa, anaonja na kukataa, hadi mara ya nne alipofumba macho akasema, "Hapo." Frankline hakuwahi kupata cheti chochote kilichomfurahisha kama neno hilo.

"Maji ya moto, kidogo kidogo," alimwambia Jumamosi hiyo asubuhi, wote wawili wakiwa wameomba ruhusa kazini. "Usiondoke jikoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema unanipenda," Ndunge akasema, akijifunga leso kiunoni.

Mama Kyule aliingia saa nane kasoro kwa mlango wa nyuma, na kiondo chake cha mkonge. Frankline aliona pazia likitikisika, basi. Walisalimiana kupitia kwa Adhiambo, ambaye alikuwa akitoa kichwa huku na huku kama karani wa mahakama.

"Huyo mtu anasema karibu, na poleni na safari."

"Mwambie huyo mtu asante."

Zedekiah akanong'ona, "Huyo mtu, ni zamu yako." Frankline akasogeza kete. Zedekiah akala mbili.

Kwa heshima ya Adhiambo, mama na binti walizungumza Kiswahili, na Frankline alisikia kila neno. Mama aliuliza habari za kanisa, za dada yake Ndunge, za mvua iliyonyesha bure Nairobi, mahali pasipolimwa. Kisha akatega sikio. Sebuleni Zedekiah alikuwa akipiga kisoda chini.

"Wanacheza drafti?" mama akauliza.

"Ndiyo, mwaitu. Ni mambo yao ya wanaume."

"Na wewe huchezi?"

"Mimi? Mwanamke mwenye nyumba ya kuangalia atapata wapi saa ya drafti?"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliacha."

"Alikukataza?"

"Hapana. Niliacha tu mwenyewe. Kazi ni nyingi."

Frankline alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hayo ndiyo majibu! Alimkonyeza Zedekiah, na katika kukonyeza huko Zedekiah akala nyingine. Mama alisema, "Haya," kwa sauti ndogo, na baada ya hapo hakumuuliza binti yake kitu tena.

Muda si muda Adhiambo akapenya pazia, akamwinamia Frankline sikioni.

"Mambo yameharibika. Mama amekipakata kiondo. Amefunga na mdomo wake."

"Mdomo gani?"

"Yote miwili, wa kiondo na wa kwake. Anauliza basi la mwisho la Mwala linatoka saa ngapi."

Frankline aliacha kete hewani. Hakuelewa. Ndunge alikuwa amejibu kama mke wa kwenye mahubiri, yeye mwenyewe alikuwa ametulia na wanaume wenzake kama inavyotakiwa, sasa kosa liko wapi? Aliwaza wazee wake wakipanda basi mara ya tatu kwenda kuongezewa chai. Aliwaza Jumamosi bila yale makofi ya visoda, na nyanya nzuri alizochagua mwenyewe zikimtazama. Akaona kwamba nyumba yake haitakuwa nyumba tena, na akaogopa kweli kweli.

Katika kuogopa huko, pua yake ikanasa kitu.

Haukuwa moshi bado. Ulikuwa ule uchungu mdogo, mtamu mtamu, wa mahindi yanayoanza kushika sufuria. Mtu wa kawaida asingeusikia. Frankline aliusikia kama mama anavyosikia mtoto wake akilia katikati ya watoto mia, na miguu ikaondoka kabla akili haijaulizwa. Ubao ulipinduka. Pazia lilikaribia kung'oka.

"Ndunge! Nilikwambia maji ya moto!" Alikuwa tayari ameinua sufuria kwa mkia wa shati lake. "Acha! Usikoroge! Ukikoroga umechanganya na iliyoungua. Lete sufuria ile nyingine. Tunachota ya juu, ya chini tunaiacha hapo hapo. Lete kitunguu. Sogea, mpenzi, sogea, utajichoma." Alichota, akamimina, akaonja kwa ncha ya mwiko, akapuliza, akaonja tena. "Imepona. Nenda wewe ukanimalizie Zedekiah, amebakisha hatua mbili apate kingi na mimi pale nimeshakufa."

Alisema hivyo, akisahau kwamba ubao umepinduka, kwa sababu ndivyo alivyosema kila Jumamosi. Kisha akageuka kuchukua chumvi, akakutana uso kwa uso na Mama Kyule.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitambaa cha kichwani amekivua kwa joto na kukiweka magotini, nywele zake fupi za mvi ziko wazi. Walitazamana muda wa kutosha kuhesabu hadi tatu. Halafu mama akajifunika kitambaa uso mzima, na Frankline akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, mwiko ungali mkononi.

Alisimama ugani chini ya kamba ya nguo. Posa ilikuwa imekwisha, na aliyeimaliza alikuwa yeye. Amevunja nthoni mchana kweupe, amempigia kelele binti ya mtu mbele ya mama yake, na mkia wa shati una masizi. Alitamani kulia. Lakini mlango alikuwa ameuacha wazi, na maneno ya ndani yalimfikia.

"Ndunge," mama alisema. "Huyo mtu amesema uende ukamalizie nini?"

Ndunge akafungua fundo la leso.

"Drafti, mwaitu," Ndunge akasema mwishowe. "Nimekudanganya. Mimi sipiki. Muthokoi ni wake, kila kitu hapa ni chake. Mimi nacheza. Nacheza kila Jumamosi, na nawapiga wote. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini yeye hana makosa, mimi ndiye niliyemwambia tujifanye."

"Unawapiga wote?"

"Wote."

"Na yeye?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

"Ukimpiga, hununa?"

"Huenda kuangalia sufuria, mwaitu."

Frankline alisikia mama akivuta pumzi ndefu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka, na ilimbidi Frankline asogee hatua moja karibu na mlango, Mungu amsamehe.

"Baba yako nilimpiga mara moja tu," mama alisema. "Ilikuwa mwaka wa kwanza nilipoolewa. Nilikuja na ubao wangu kutoka kwetu, kaka yangu ndiye aliyenichorea. Baba yako akasema tucheze, nikampiga, nikacheka. Kesho yake nikaukuta ubao umefunika pipa la maji. Hakusema neno, na mimi sikusema. Sasa ni miaka thelathini na moja, kila asubuhi naufunua nachota maji, naufunika tena."

"Mwaitu, hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilikufundisha kwa kuchora chini uani, nyinyi mkiwa wadogo, baba yako akiwa kazini. Nilitaka mmoja wenu aujue. Hao wazee walipokuja na maneno ya mbuzi, nikajiuliza, huyu mtu atafunika nini kwa ubao wa mtoto wangu? Ndiyo sababu nikasema tutaona. Nimekuja kuona hilo tu, Ndunge. Nikakukuta na leso kiunoni, unaniambia uliacha mwenyewe. Hata mimi niliacha mwenyewe! Hivyo ndivyo wanawake tunavyosema."

Hapo Ndunge akaanza kulia, na Frankline, karani mtaratibu, akafuta macho kwa mkono uliokuwa na kitunguu, akajiongezea taabu.

"Nyamaza," mama akasema. "Lete huo ubao."

Alasiri hiyo ilikuwa ya ajabu pale Kaloleni. Frankline alihamishia jiko la makaa ugani, akamalizia chakula huko, na Zedekiah akiwa amefukuzwa sebuleni kwa sababu ubao umechukuliwa, akawa anamkatia sukuma wiki vibaya. Nyuma ya ukuta visoda vililia. Pa! Kisha pa! Frankline alitega sikio akijaribu kujua lipi ni kofi la mama na lipi la binti, akashindwa. Lilikuwa kofi moja. Mara sauti ya mama ikapaa, "Kingi! Nivalishe taji, usijifanye huoni!" na Adhiambo akapiga yowe la furaha. Ndunge alifungwa mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu wachumbiane, akaosha sufuria, tena akaziosha vibaya.

Mama alikula kimya nyuma ya pazia, akatuma sahani irudi. Ilikuwa imekombwa. "Mwambie huyo mtu chumvi imezidi kidogo," akasema, na baada ya muda, "na mwambie ile iliyoungua chini asiitupe. Niwekee kwenye kiondo, pamoja na nzuri kidogo juu. Nataka baba yako aonje mapishi ya mwanamume."

Saa kumi na moja akajifunga kitambaa chake vizuri na kutoka kwa mlango wa nyuma, Ndunge akimbebea kiondo kumsindikiza stendi. Frankline alikimbilia sebuleni kwa heshima, akajibanza nyuma ya pazia la dirisha la ugani na Zedekiah na Adhiambo. Mama alisimama ugani, akawapa mgongo, akapaza sauti.

"Ndunge! Mwambie huyo mtu kwamba ameniona kichwa wazi. Kwetu jambo hilo haliachwi hivi hivi. Lina mbuzi wake. Anadaiwa mbuzi wa nne."

Frankline akashika kichwa. "Nilijua," akanong'ona. "Amekasirika. Ananitoza faini."

Adhiambo alimgeukia kwa huruma kubwa. "Wewe ni karani wa nini? Wa nne atahesabiwa vipi kama wale watatu hajawakubali?"

Frankline alihesabu kwa vidole, mmoja hadi wanne. Huko nje mama alikuwa bado hajamaliza.

"Na wazee wake waje kabla ya mvua ya Novemba, barabara ya kwetu huwa mbaya. Na waje na ubao." Kisha akasema polepole zaidi, "Wangu umeoza kwa maji."

Frankline alisahau nthoni, akasahau pazia, akasahau kila alichofundishwa wiki nzima. Akatoa kichwa dirishani.

"Nitakuchorea mpya, mwaitu! Kwa mkono wangu!"

Mama Kyule hakugeuka. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, na Ndunge, kiondo begani, alikuwa anacheka huku analia.

"Huyo," Zedekiah akasema, "ni mbuzi wa tano."